Namba nne si yangu tena

Jumatatu, mwezi wa sita, 2017. Rosettenville. Jua limewaka tangu asubuhi lakini huku kusini mwa bara ni majira ya baridi, halipashi kitu. Vidole vyangu vimegoma kushika uzi mpaka saa nne. Moyo, cha ajabu, uko mwepesi.

Nimepoteza namba nne. Iliniondoka Jumatatu iliyopita, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa ujumbe wa simu, kwenye kundi la timu yetu ya mpira wa kikapu, mbele ya watu kumi na sita ambao watatu kati yao hata hawachezi. Kocha aliandika hivi: "Kuanzia Jumamosi namba 4 ni ya Zanele. Mama Gloire atashona. Asanteni." Akamalizia na picha ya kidole gumba.

Miaka tisa, na kidole gumba.

Kwa msomaji mgeni wa blogu hii, ngoja nijieleze. Mama Gloire ni mimi, fundi cherehani. Nilifika mji huu kutoka Lubumbashi nikiwa na begi moja na mkasi uliofungwa kwenye taulo, nikaanza na cherehani ya kukodi katika chumba cha Jeppestown ambacho mlango wake ulifungwa kwa waya. Leo nina duka, cherehani nne, na wanawake wawili ninaowalipa kila Ijumaa bila kuchelewa. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikisema kitu ni changu, jua nimekishona mwenyewe.

Timu nayo niliishona mwenyewe. Tulianza wanawake sita, nyuma ya kanisa, kwenye pete isiyo na wavu: Wakongomani wanne, Mrundi mmoja na Mtanzania mmoja. Kila mtu na Kiswahili chake, lakini tukasikilizana. Mpira ulikuwa mmoja na ulivuja upepo. Kila baada ya dakika kumi tunasimama, tunaujaza kwa pampu ya baiskeli, tunaendelea. Sasa tuna ligi, tuna marefa, tuna Kocha.

Na tuna namba nne. Zamani, kwenye mpira wa kikapu, jezi zilianzia namba nne, na mara nyingi aliyeivaa alikuwa nahodha. Sheria zimebadilika, sisi hatukubadilika. Tena nne yetu haikuchapwa kwa rangi. Niliikata kutoka kitenge nilichotoka nacho nyumbani, cha kijani chenye ndege wa manjano, na kila jezi ikichakaa naifumua tarakimu ile na kuihamishia kwenye jezi mpya. Jezi tano zimeshazikwa. Nne ni ile ile. Kwetu sisi mwenye nne ndiye nguzo ya timu. Hilo halijaandikwa popote na hakuna asiyelijua.

Jumanne nilikaa na wembe nikaifumua mgongoni mwa jezi yangu, uzi mmoja mmoja. Nikajishonea kumi na moja ya kitambaa cheupe. Kumi na moja inafanana na watu wawili waliosimama bila kazi.

Sasa nieleze kinachoniuma hasa, maana namba peke yake ni kitambaa tu. Ijumaa hii Kocha anapeleka orodha ya wachezaji wa msimu mpya. Nafasi ziko kumi na mbili. Sisi tuko kumi na watatu. Mimi nina miaka thelathini na nane, na mtu akishavuliwa namba nne kwa ujumbe wa simu haihitaji hesabu kubwa kujua ni nani atakayehesabiwa wa kumi na tatu.

Lakini mimi ni mtu wa hesabu.

Nina daftari la miraba. Kila mechi naandika: nani ameingia, nani ametoka, dakika gani, tumefunga ngapi, tumefungwa ngapi. Hata nikiwa mchezaji, nikitoka tu nakaa benchi naandika kabla jasho halijakauka. Basi Jumanne ile ile, kwa hasira, nikafungua daftari nikamtumia Kocha ujumbe wa faragha. Zanele amecheza nasi mechi saba. Wastani wake ni pointi kumi na tatu. Bibiche, mwanamke wa Kolwezi anayesuka nywele mtaa wa pili kutoka kwangu, wastani wake ni kumi na saba. Nikauliza: nguzo gani hii inayoshindwa na msusi?

Kocha Ferdi ni Mrundi, mlinzi wa zamu ya usiku kwenye maduka makubwa, mtu mpole mno. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, dakika mbili nzima, upepo wa maegesho ukivuma nyuma yake. Nilisikiliza mara tatu. Ndani yake hapakuwa na jibu hata moja.

Zanele mwenyewe sina ugomvi naye, au ndivyo nilivyokuwa najiambia. Ni binti wa Soweto, ana miaka ishirini, urefu wake mita moja na sentimita themanini na sita. Mama yake ni Mtanzania wa Morogoro aliyeolewa na mkimbizi wa kisiasa wa huku. Uhuru ulipokuja wakarudi wote. Mtoto anakielewa Kiswahili chote, hata mafumbo, lakini akijibu anajibu kwa Kizulu au Kiingereza, na akichoka anajibu kwa mabega.

Jumatano alikuja dukani kupimwa. Aliinamisha kichwa kupita mlangoni, akasalimia, akasimama katikati ya duka na kunyoosha mikono pembeni kama walivyofundishwa watoto wa zamani wakipelekwa kwa fundi. Nilikuwa namalizia sare za kwaya. Sikuinua uso. Nikamwambia hakuna haja ya tepu, mimi nina jicho, nenda tu.

Na kweli nina jicho. Miaka ishirini kwenye kazi hii, mteja akiingia najua kiuno chake kabla hajasema shikamoo. Wateja wanalisifu jicho hilo na mimi nimezoea kusifiwa.

Ila jicho hupima kinachotazamwa. Mimi sikumtazama.

Ijumaa nikakata. Urefu niliongeza, maana hata kipofu anajua binti yule ni mrefu. Mabega na kwapa nikauachia mkono ufanye ulichozoea, na mkono wangu, kwenye jezi ya namba nne, umezoea mwili mmoja tu. Wangu. Mimi mwembamba, mabega kama ya kuku wa kienyeji mwezi wa njaa.

Sikukusudia. Nimeliandika neno hilo nikaliangalia sana. Sikukusudia, lakini pia sikupima.

Jumamosi ilikuwa nusu fainali, ukumbi wa Jeppestown wenye sakafu ya mbao. Wapinzani ni wasichana wa upande wa kaskazini, wana masweta ya namna moja, hata chupa za maji za namna moja. Zanele aliivaa jezi, akajinyoosha kidogo. Nilimwona akizungusha bega la kulia mara mbili, nikadhani ni mazoezi. Sasa najua. Mtoto aliyelelewa na mama wa Morogoro hamwambii mtu mzima kwamba nguo aliyomshonea inambana. Atavumilia mpaka nguo yenyewe iseme.

Nguo ilisema robo ya tatu.

Tulikuwa tunaongoza arobaini na moja kwa thelathini na tatu. Mpira ukagonga pete ukaruka juu, Zanele akaufuata kwa mikono miwili, na ukumbi mzima ukasikia mlio. Kutoka kwapani mpaka mbavuni. Fulana ya ndani ilimsitiri, lakini refa alipuliza filimbi akaonyesha benchi: hachezi mtu na nguo iliyochanika. Niliinuka mbio nikavua yangu nusu, nikasema avae hii. Refa akakataa. Kumi na moja imeshaandikwa kwa jina langu kwenye karatasi ya mechi. Haigawiwi kama maandazi.

Bibiche alipita mbele yangu akifuta jasho, na hata katika dhiki ile hakuweza kujizuia.

"Mama Gloire, hii nguo ulimupimia nani? Mutoto wa miaka kumi?"

Benchi likacheka. Mimi pia nilicheka. Mtu hucheka hata nyumba ikiungua, ikiwa aliyeiwasha ni yeye.

Sindano na uzi havinitoki mkobani. Nilimvika Zanele koti la Kocha bega moja, nikamwambia ainue mkono, nikaangalia. Kuunganisha pande mbili tu kusingetosha. Angeruka tena ingepasuka tena. Ilitakiwa kipande cha kuongezea kwapani. Kitambaa cha aina ile kilikuwa kwenye jezi zetu tu, na niliyokuwa na haki ya kuikata ni yangu peke yake. Nikachukua mkasi mdogo nikakata upindo wa jezi yangu, upana wa vidole vinne, kuzunguka mwili mzima. Nikaanza kushona juu ya mwili wake, yeye amesimama, mimi nimepiga goti.

Kwa kawaida Zanele akitoka, anayeingia ni mimi. Safari hii wa kuingia alikuwa ameshika sindano. Kocha akamwingiza binti mmoja mpya. Sitamtaja, ana miaka kumi na saba tu.

Sikuona kitu. Nilikuwa nasikia tu meza ya pointi ikitangaza nyuma yangu. Arobaini na moja kwa thelathini na sita. Arobaini na moja kwa thelathini na nane. Arobaini na tatu kwa thelathini na nane, tukashangilia. Halafu arobaini na tatu kwa arobaini na moja. Arobaini na tatu kote. Kila tangazo, nikazidi kuharakisha. Nilimchoma mara mbili. Hakusogea.

Alichokuwa akifanya ni kuwaongoza wenzake kwa sauti, juu ya kichwa changu. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anapiga kelele kwa Kiswahili. Bibiche, nyuma yako. Funga katikati. Rudi, rudi. Sauti ya mama yake kabisa, yenye lafudhi ya Soweto. Wenzake walisikia, wakajaribu, lakini kuambiwa pa kusimama si sawa na kuwa na mtu aliyesimama hapo.

Arobaini na tatu kwa arobaini na sita. Nikafunga mshono mmoja vibaya, nikafumua, nikaapa kwa Kibemba. Ndipo aliponiangalia chini.

"Ma, shona taratibu. Mimi niko."

Basi. Maneno manne ya Kiswahili na moja la nyumbani kwao. Nikashona taratibu. Nikamaliza, nikakata uzi kwa meno, nikampiga mgongoni juu ya ndege wa manjano, akaingia.

Dakika nne na sekunde kumi. Nimeziandika.

Aliporudi sikuandika tena kama mhasibu, niliandika kama mtu anayeshangaa. Nilitegemea apige kila mpira, alipize. Hakulipiza. Alikwenda tu akasimama mahali pake, karibu na pete, na mabinti wawili wa kaskazini wakamfuata kama wameitwa. Wawili wakimfuata mmoja, kuna mwenzetu mmoja aliyebaki peke yake. Mpira ukaenda kwa huyo. Tukafunga. Tena. Tena. Hajagusa mpira kwa zaidi ya sekunde mbili, na wote wanne wanacheza kama wameongezewa akili.

Sekunde kumi na moja za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Ukumbi wote ulijua mpira utaishia kwa Zanele. Uliishia kwake, wakamrukia wawili, akampa Bibiche kwenye kona, peke yake, hakuna hata kivuli mbele yake. Bibiche ninayemsifu kwa pointi kumi na saba. Mpira ukazunguka pete mara moja na nusu, ukatoka.

Hamsini na nane kwa sitini.

Nje, Bibiche alijifunika koti uso mzima akilia. Zanele akaenda akakaa chini karibu naye, miguu ile mirefu imezuia njia ya watu, akasema jambo kwa Kiingereza ambalo nalitafsiri nikiwa na hakika: hata wangerudishiwa sekunde zile kumi na moja, angempa Bibiche tena. Bibiche akatoa jicho moja kwenye koti, akasema kama ni hivyo basi wewe mutoto una kichwa kigumu, na akaanza kucheka huku analia. Kuhusu jezi Zanele hakusema neno. Hakuniangalia hata kwa jicho la pembeni.

Na mimi sikusema. Wote walidhani kitambaa kilikuwa kibovu. Kocha alilaani duka la vitambaa njia nzima, mimi nikaitikia.

Jana asubuhi, kabla ya kanisa, simu ikalia. Mama yake Zanele. Nikajua yamenifika. "Dada, mwanangu kanisimulia ulivyokata nguo yako mwenyewe ukamzibia. Mungu akuzidishie." Akaniombea baraka kwa muda mrefu, za duka, za binti yangu Gloire, za macho. Za macho, jamani. Sikupata pa kuingilia. Nilisema amina mara saba.

Baada ya kanisa nikafungua daftari. Nilikuwa natafuta kitu cha kunitetea, sitasema uongo.

Nikaanza na mechi ya Jumamosi. Jumla hamsini na nane kwa sitini. Toa zile dakika nne na sekunde kumi, ambazo tulifunga mbili na kufungwa kumi na tatu. Kinachobaki, Zanele akiwa uwanjani: hamsini na sita kwa arobaini na saba. Tunashinda kwa tisa. Katika hamsini na sita hizo, za kwake mwenyewe ni kumi na nne tu. Arobaini na mbili zimefungwa na wengine.

Nikarudi nyuma mechi zote saba. Bibiche, Zanele akiwa naye uwanjani, kila mipira kumi anayorusha anaingiza mitano. Zanele akiwa benchi, miwili. Ile kumi na saba niliyomtupia Kocha usoni, nusu yake ilikuwa imebebwa na mtu mwingine, na mimi mwenye daftari sikuiona kwa sababu nilihesabu mikono inayofunga tu.

Aibu ya fundi. Maana hili nalijua kwenye nguo tangu nikiwa msichana. Mteja anasifu kola, anasifu vifungo, anasifu ua la kifuani. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia, mama, mshono wako wa kwapani ni mzuri. Lakini kila unapoinua mkono, nguo nzima inaning'inia pale. Ukifa huo, kola haikusaidii. Nyota wa mpira wa kikapu anaweza kuwa kola, wako wengi, wanapendeza. Anayekuwa nguzo ni yule ambaye akiinuka wenzake wote wanainuka, na akikosea mwenzake yeye anasema kosa hilo ningelichagua tena. Zanele ni nguzo. Nimeandika. Sikulazimishwa na Kocha, nimelazimishwa na miraba ya daftari langu mwenyewe.

Halafu nikafika kwenye jina langu.

Mechi hizo saba nimecheza dakika hamsini na nane nikiwa badala ya Zanele. Katika dakika hizo timu imefungwa zaidi ya ilivyofunga kwa pointi ishirini na moja. Ishirini na moja! Nikainuka nikachemsha chai. Nikarudi nikahesabu upya, labda nilikosea. Sikukosea. Naushika mpira mno, naupunguza mwendo, namngoja mtu anyooshe mkono kama mwaka ule tulipokuwa sita na pampu ya baiskeli.

Lakini chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Dakika thelathini na moja tu, vipande vipande, ambazo Kocha alituweka pamoja, mimi na Zanele, labda kwa kusahau. Katika hizo timu iko juu kwa kumi na mbili. Nikiwa naye sihitaji kushika mpira. Nampa, nakimbilia kona, ananirudishia, narusha. Hivyo tu. Miguu imezeeka, mkono haujazeeka.

Nilicheka peke yangu jikoni. Gloire akatoka chumbani akaniuliza kwa Kiingereza kama niko salama.

Leo asubuhi Kocha alipitia dukani akitoka zamu, kuchukua suruali yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja na usingizi ukamchukua akiwa bado anasalimia. Nilimwacha alale robo saa, halafu nikapiga mkasi mezani. Nikamuuliza kuhusu orodha ya Ijumaa. Akazungumza sana. Kwamba mabinti wapya wana njaa ya kucheza. Kwamba kumi na mbili ni kumi na mbili. Kwamba umri si kitu ila mwili nao una maneno yake. Kisha akatoa neno alilokuja nalo, kwa upole kama mtu anayempa mtoto dawa.

"Voilà, Mama Gloire, tulifikiri wewe ubaki mama wa timu."

Mama wa timu. Nawajua mama wa timu. Wanabeba machungwa. Wanapigiwa makofi mara moja kwa mwaka, wakiwa wamekaa. Nikamuuliza, kwa hiyo siko kwenye orodha? Akasema hajasema hivyo. Basi niko? Akasema bado siku ziko. Akachukua suruali akaondoka, na mimi nikarudisha hanga ukutani.

Mchana nilimpigia Zanele. Nilimweleza yote: kwamba hakikuwa kitambaa, nilikuwa mimi, kwamba sikumpima kwa sababu sikutaka kumtazama. Halafu akasema, eish, Ma, alijua tangu Jumatano, fundi gani hampimi mtu. Akacheka kicheko kikubwa mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Nimemwambia aje kesho saa saba, na tepu itakuwepo. Akasema sharp, yaani sawa. Mama yake nitampigia jioni hii. Hiyo ni ngumu zaidi, kwa hiyo nimekunywa chai kwanza.

Sasa, Kocha. Najua unasoma humu ukiwa zamu. Uliwahi kunisahihisha jina la mtaa.

Nimekiri kosa langu mbele ya wote. Nusu fainali ile ilichanika kwenye mshono wangu. Namba nne imekwenda kwa mwenyewe na siidai. Sitabishana tena juu ya nani nguzo.

Lakini hesabu ni hesabu, haichagui upande. Ishirini na moja kwa dakika hamsini na nane: kwa mwendo huo, zile dakika nne za Jumamosi mimi ningezipoteza kwa pointi moja na nusu. Si kumi na moja. Tungekuwa fainali. Mimi si nguzo, sawa, lakini si tundu kwenye paa. Na kando ya nguzo, dakika thelathini na moja, juu kwa kumi na mbili. Daftari liko mezani, njoo ulipekue, nitakupa na kiti cha kulalia.

Ninachotaka ni dakika nane kwa mechi, nikiwa pamoja na Zanele, si badala yake. Machungwa atafutwe mtu mwingine. Mimi nitakuwa kwenye kona, upande wa kulia, mkono tayari. Ukiona hapana, sema hapana. Nitaumia siku tatu, ya nne nitakushonea suruali nyingine, tutaendelea kusalimiana. Ninachokikataa ni kungoja Ijumaa nisome jina langu, au nisilisome, kwenye simu pamoja na watu kumi na sita.

Njoo mwenyewe dukani. Alhamisi, saa kumi na mbili kamili jioni, nafunga. Niko kwenye orodha au siko, Kocha?